Hotspoti hailambi bando, laptopu ndiyo inayolimaliza

Wengi huamini kwamba ukiunganisha laptopu kupitia simu, hotspoti yenyewe hulamba bando. Si kweli. Simu hupitisha tu kinachoombwa: faili la MB 50 hukata takriban MB 50, liwe limepakuliwa kwa simu au kwa laptopu.

Tatizo ni tabia ya laptopu. Windows ikiona Wi-Fi hudhani ni mtandao usio na kikomo, hivyo hupakua masasisho kimyakimya, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) hupandisha picha zako, na YouTube huchagua ubora wa juu kwa sababu kioo ni kipana. Saa moja ya video ya 1080p (ubora wa juu) huvuka GB 1 kwa urahisi. Ya 360p (ubora wa chini) kwa kawaida huishia MB mia chache.

Unganisha kwanza, kisha ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua properties za mtandao wa simu yako na uwashe "Metered connection", yaani mtandao wenye kikomo. Masasisho mengi yataahirishwa na OneDrive itasimama. Ila kivinjari hakitabanwa. Ubora wa video upunguze mwenyewe.

Ukitumia waya wa USB, washa mpangilio huo upya chini ya Ethernet, maana Windows huuona kama mtandao mwingine kabisa. Hapo ndipo wengi huunguza bando wakidhani wameshajikinga. Na kama "USB tethering" (kitufe cha simu cha kugawa intaneti kwa waya) haibonyezeki, badilisha waya: baadhi ya nyaya za bei rahisi hupitisha chaji tu, hazina nyuzi za data.