Utando wa zeolaiti si chujio la haidrojeni

Ni rahisi kuamini kwamba utando wa zeolaiti (madini ya fuwele) kwenye seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kwa haidrojeni na oksijeni, hupitisha gesi ya haidrojeni, kama chujio linavyopitisha chai. Dhana hiyo inaeleweka, maana zeolaiti ina vitundu kweli, vipana chini ya nanomita 1. Lakini gesi ikipenya, hiyo ni hitilafu. Haidrojeni huvunjwa kwenye anodi, upande inakoingilia: elektroni hushika njia ya waya, protoni (viini vya haidrojeni) huruka toka molekuli moja ya maji hadi nyingine humo vitunduni. Ndiyo maana utando ukikauka, umeme hupungua.

Kupima kama utando unavuja gesi, ondoa mzigo (kifaa kinachotumia umeme wa seli) usome volti. Kinadharia kikomo ni 1.23 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi; seli isiyo na hitilafu husoma karibu 0.9 hadi 1. Ukiona 0.6, shuku kwanza nyufa kati ya fuwele za zeolaiti, zinazopenyeza gesi.