Barua aliyoichana Huck

Katika riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, mvulana wa kizungu ameshika barua, mwili unamtetemeka. Ameiandika kumwarifu Bi. Watson mahali alipo Jim, mtumwa wake aliyetoroka. Huck amelelewa akijua kuwa kumtorosha mtumwa ni wizi, na mwizi wa namna hiyo makao yake ni motoni. Lakini anakumbuka safari yao ya chelezo katika mto Mississippi, na jinsi Jim alivyoshika zamu ya Huck usiku ili Huck aendelee kulala. Anaichana barua. Liwe liwalo, ataingia motoni.

Nawaomba wasomaji msipite hapo haraka. Huck hajui kwamba ametenda haki. Kwa imani yake, ametenda dhambi. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1885, miaka 20 baada ya utumwa kufutwa nchini humo, na kinaonyesha jinsi sheria, dini na malezi vinavyoweza kuuvika uovu joho la wema. Ubaguzi wa namna hiyo hauhitaji mtu katili. Mtoto mwema anatosha.

Kitabu hichohicho kina doa. Tusi la kibaguzi limo zaidi ya mara 200, na katika sura za mwisho Jim, mtu mzima mwenye mke na watoto, anageuzwa mchezo wa wavulana. Wapo wanaotaka tusi hilo lifutwe. Mimi naona libaki, ila mwalimu aandae darasa kwanza.

Uncle Tom's Cabin ya Harriet Beecher Stowe, ya mwaka 1852, nayo inadai kusomwa upya. Leo jina la Tom ni tusi kwa mweusi anayejipendekeza kwa wazungu. Kitabuni, Tom, mtumwa, anapigwa hadi kufa kwa kukataa kusema walikojificha wanawake wawili waliotoroka.

Hata hivyo, wote wawili, Twain na Stowe, walikuwa wazungu wakisimulia maumivu ya weusi. Ndiyo maana baada yao nashauri Beloved ya mwandishi mweusi Toni Morrison, ya mwaka 1987. Mgongo wa Sethe, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwa, una makovu ya mijeledi, nasi tunaelezwa kuwa yametanda kama mti wenye matawi. Aliyeyafananisha hivyo ni msichana wa kizungu. Sethe mwenyewe hajawahi kuyaona.