Michembe si matobolwa

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu hapa Mwanza akiita kila kipande cha kiazi kikavu "michembe", na safari hii alikuwa muuzaji mwenyewe, aliyeketi nyuma ya mafungu ya matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu ambavyo Wasukuma, na Wanyamwezi majirani zao, huvikata na kuvianika wakati wa kiangazi ili viliwe shamba likiwa halina kitu. Tofauti iko kwenye moto.

Kiazi cha michembe hakipitii chunguni kabla ya kuanikwa. Huachwa siku chache kinyauke, kikamenywa, kikakatwa vipande na kuanikwa kibichi, mara nyingi juu ya majabali, ambayo huku kwetu si haba, hadi vipande viwe vigumu vya kulia vikigongana. Kiazi cha matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo kikamenywa, kikakatwa na kuanikwa. Joto la kuchemsha hugeuza sehemu ya wanga wa kiazi kuwa sukari, na tobolwa hukauka likiwa la hudhurungi, lenye kunata kidogo menoni, kiasi kwamba mtoto hulitafuna njiani akienda shule. Mpe mchembe mkavu uone kama hatautema.

Wapo pia wanaoeleza kwamba jina michembe linatokana na "chembe" ya Kiswahili. Maelezo hayo yanavutia, lakini neno hili tumelipokea kutoka Kisukuma, kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu, na mchembe wenyewe, ambao aghalabu ni mrefu kama kidole, hauna uchembe wowote.

Nyumbani kwetu michembe huchemshwa mpaka ilainike, kisha hutiwa karanga zilizotwangwa. Kwa shemeji zangu wa Magu huliwa na maziwa mgando, na kila upande unaamini kwamba mwenzake hajui kupika. Mmoja wao aliuziwa matobolwa kwa jina la michembe, akayaacha motoni kwa muda uleule aliozoea, nasi jioni hiyo tukanywa uji wa viazi.

Ukiwa sokoni, basi, omba kipande kimoja ukitafune kabla ya kulipa. Jino likikubali na utamu ukaja, mwambie muuzaji kwa upole kwamba hayo ni matobolwa.