Nani Kabonyeza? Dhana Potofu Kuhusu Vitufe vya Mifumo ya Ofisini

Mwisho wa mwezi, hesabu zikigoma kufungwa, ofisi nyingi huanza na swali moja: nani kabonyeza? La pili, kwamba kitufe chenyewe kilikuwa kinasema nini, huulizwa kwa nadra. Mifumo ya uhasibu, mishahara na stoo imejaa vitufe vinavyofanya kisichotarajiwa, na zipo imani kadhaa zinazovikinga visiguswe.

Dhana: Mtu makini hakosei. Dawa ni mafunzo.

Imani hii ina umri mkubwa kuliko programu yoyote ya ofisini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa tayari chini wanakunja magurudumu, wakidhani wanarudisha vibao vya nyuma ya mabawa. Hawa walikuwa marubani waliofuzu. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliangalia kile walichokuwa wakikishika, jambo ambalo wachache walikuwa wameliangalia: swichi mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, zinazofanana. Pendekezo lake halikuwa darasa jingine. Swichi ya magurudumu iwekewe umbo la kigurudumu, ile nyingine umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani.

Sasa fungua mfumo wowote wa kazini uone "Hifadhi" na "Futa" zilivyokaa jirani, rangi moja, ukubwa mmoja. Miaka zaidi ya 80 imepita.

Dhana: Wakikagua watu watatu, kosa halipiti.

Tarehe 11 Agosti 2020, Citibank ilitakiwa kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Mfumo wake wa mikopo, Flexcube, ulikuwa na utaratibu wa ajabu: ili kufanya malipo hayo, deni lote liliingizwa kana kwamba linamalizwa, kisha deni la msingi likaelekezwa kwenye akaunti ya ndani ya benki ili lisitoke nje. Kulielekeza huko kulihitaji tiki kwenye visanduku vitatu, PRINCIPAL, FRONT na FUND. Aliyeandaa muamala alitia tiki kimoja tu, PRINCIPAL, na si ajabu: deni la msingi ndilo alilotaka kulizuia, na kisanduku kimeandikwa jina lake. Hao FRONT na FUND wanahusikaje, skrini haikusema.

Mtu wa pili akakagua, akaona sawa. Msimamizi akaona sawa, akaidhinisha. Karibu dola milioni 900 zikatoka, fedha za benki yenyewe. Baadhi ya wakopeshaji walikataa kurudisha takriban milioni 500. Februari 2021 jaji akawapa haki, na benki ikasubiri hadi Septemba 2022 ndipo mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile.

Ukweli ni kwamba wote watatu walisoma skrini ileile na kuielewa vilevile. Saini ya pili na ya tatu husaidia pale mkaguzi anapoona kitu ambacho wa kwanza hakukiona, mathalani jumla ya fedha zitakazotoka benki.

Dhana: Kisanduku cha "Una uhakika?" kinatosha.

Onyo lilikuwepo hata kwa Citibank. Lilisema kwamba fedha zitatoka nje ya benki, likauliza kama waendelee. Kiasi halikutaja, na kwa kuwa riba ilikuwa itoke kweli, jibu lilikuwa ndiyo.

Tokyo, tarehe 8 Desemba 2005, siku ya kwanza ya hisa za J-Com sokoni, mfanyakazi wa kampuni ya udalali wa hisa ya Mizuho Securities alitaka kuuza hisa 1 kwa yen 610,000. Akaingiza hisa 610,000 kwa yen 1, zaidi ya mara 40 ya hisa zote za kampuni ile. Onyo lilitokea, likapuuzwa. Walipojaribu kufuta oda, hitilafu katika mfumo wa soko la hisa ikaukataa ufutaji. Hasara ilipita yen bilioni 40, na mwaka 2009 mahakama ikaliamuru soko hilo kulipa sehemu yake, takriban bilioni 10.7.

Anayeulizwa "una uhakika?" kutwa nzima hujifunza kubonyeza "Sawa" bila kusoma, ni mazoea, wala si uzembe. Mbaya zaidi ni kile kisanduku kinachouliza "Ungependa kughairi oda hii?" halafu kinakupa vitufe viwili, "Sawa" na "Ghairi". Ukitaka kughairi, unabonyeza kipi? Tiba yake haigharimu hata shilingi: "Ghairi oda" na "Iache oda ilivyo".

Watumiaji wa M-Pesa nchini Kenya wanaijua Hakikisha. Haikuulizi kama una uhakika. Inakuonyesha jina la unayemtumia, na kukupa sekunde chache za kusitisha. Jina geni linakushtua kuliko swali lolote la jumla, na zile sekunde ndizo anazokosa karani anayeruhusiwa kutuma tu.

Dhana: Kitufe cha kijivu kinajieleza.

Kinaeleza kwamba hakibonyezeki, basi. Sababu mtu anaitafuta mwenyewe: tarehe imekosewa, TIN haijajazwa, au bosi hajampa ruhusa? Heri kitufe kibonyezeke, kisha kiseme kinachopungua.

Dhana: Anayebonyeza mara mbili hana subira.

Mtandao ukiwa mzito na skrini ikikaa kimya, kubonyeza tena ni jambo la busara kabisa. Mashine haijampa ishara yoyote kwamba imesikia. Ankara ikitoka mara mbili, hilo ni la mtengenezaji: kitufe kilipaswa kujifunga mara tu kilipobonyezwa na kuandika "Inatuma…", na seva ilipaswa kulitambua ombi la pili kuwa ni lilelile kwa namba yake ya kipekee, ikalipuuza. Mtoa programu akikuambia watumiaji wafundishwe kubonyeza mara moja, mwombe akuonyeshe ombi hilo la pili linaishia wapi.