Redio yako haijaharibika, inakosa keria tu

Jumamosi mzee mmoja aliniletea redio yake ya masafa mafupi hapa Kisumu, akaiweka mezani akasema fundi, hii imekufa, inalia kama bata. Nikaiwasha nikazungusha hadi megahezi 7 na kitu, na kweli bwana, kuna watu wanaongea lakini hushiki hata neno. Redio haikuwa na shida yoyote. Hao walikuwa wanarusha saidibendi moja, na redio yake imetengenezewa AM.

Kwenye AM stesheni inarusha keria, yaani wimbi la kubebea sauti, ambalo lenyewe halina sauti, halafu kando yake kuna saidibendi mbili, vipande vya mawimbi ya juu na ya chini, zote zimebeba maneno yaleyale. Hata sauti ikijaza kabisa, asilimia 100, keria bado inakula thuluthi mbili ya pawa yote, yaani umeme mwingi unachomwa na kitu kisichosema chochote. Ndio mainjinia wakaona heri wafute keria na saidibendi moja, ibaki moja tu. John Carson, mhandisi wa Marekani, aliomba hati miliki ya mambo haya 1915, na simu ya redio ya New York na London ilipofunguliwa 1927 ilipita njia hiyo. Hewani unachukua nafasi ya kama kilohezi 3 badala ya 6.

Kila mtu husifia transmita hapo, mimi nahurumia risiva, yaani redio inayopokea.

Manake ile keria tuliyoitukana ilikuwa na kazi. Redio ya AM ina dayodi na kapasita tu pale mwisho, zinafuata mwinuko wa wimbi na sauti inatoka. Ukitoa keria, dayodi haina cha kufuata, kwa hivyo risiva lazima iwe na osileta yake ndani, saketi ya kuzalisha wimbi, itengeneze keria ya kubandika, na iibandike pale pale ilipokuwa ile iliyofutwa. Ukikosea kwa hezi 100 kila kitu kinasogea hezi 100. Chukua sauti ya mtu yenye hezi 200, 400 na 600, sasa inakuwa 300, 500 na 700, ule uwiano umevunjika, na huyo ndiye bata.

Hapo ndio utulivu wa osileta unakuwa kichwa kuuma. Kwenye megahezi 7, osileta ikihama sehemu 10 tu kwa milioni, hiyo ni hezi 70. Risiva yangu ya kujitengenezea ilikuwa poa sana usiku, lakini saa nane mchana mabati yakishika moto nilikuwa nazungusha kinobu kila dakika, hadi nikaifungia koili kwenye kiboksi cha chuma na kubadilisha kapasita nikaweka zile zisizojali joto.

Na kuna ile saketi ya kusawazisha sauti yenyewe, watu huisahau. Kwenye AM inapima keria, ambayo iko tu hata mtangazaji akinyamaza. Kwenye saidibendi mtu akivuta pumzi hakuna kitu hewani, saketi inadhani stesheni imeenda, inapandisha sauti, unapigwa na kelele masikioni, halafu neno linalofuata linakupasua. Dawa yake ni ishike haraka lakini iachilie polepole, sekunde moja hivi. Filta nayo, ile ya kuchuja stesheni, iwe ya kristali, nyembamba, kama kilohezi 2.4, isije ikakuletea stesheni jirani.

Turudi kwa mzee. Nilichukua redio nyingine kuukuu, nikaisogeza karibu na yake, nikaitegesha kilohezi 455 chini ya masafa ya wale watu, kwa sababu osileta ya ndani ya redio nyingi za aina hii hukaa 455 juu ya pale unaposikiliza na huvuja kidogo hewani, basi uvujaji huo ukawa ndio keria iliyokosekana. Nikagusa kinobu taratibu taratibu, bata akalainika, akawa mwanaume anayelalamikia antena yake iliyoangushwa na upepo.

Mzee akacheka, halafu akaniuliza, sasa fundi, mimi nitatembea na redio mbili?