Je, wajua kwa nini bahari ya kwenye filamu hupanda kwa siku moja?

Ukisimama Likoni, Mombasa, wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Bahari ya dunia nayo inapanda takriban milimita 4 kwa mwaka. Jicho halizioni milimita 4 ndani ya mita 3, na kamera haizioni pia. Hili ndilo tatizo la kwanza la filamu za sayansi ya kubuni zenye ujumbe wa mazingira, na nyingi hulitatua kwa kufupisha muda.

Katika The Day After Tomorrow (2004), mkondo wa Atlantiki unaopeleka joto kaskazini unavurugika, na New York inaganda kwa siku chache. Mkondo huo upo kweli. Maji matamu ya barafu inayoyeyuka Greenland huyafanya maji ya juu kuwa mepesi, yakashindwa kuzama, nao mkondo hudhoofika. Ila wanasayansi huupima udhaifu huo kwa miongo ya miaka.

Waterworld (1995) ilikuza kipimo: barafu za ncha za dunia zimeyeyuka, na nchi kavu imebaki hadithi tu. Hesabu zinakataa. Barafu yote ikiyeyuka, bahari itapanda kama mita 65: Antaktika karibu 58, Greenland karibu 7, na barafu za milimani hazifiki hata mita moja. Barafu inayoelea Aktiki haiongezi karibu kitu, maana imekwisha kusukuma maji yenye uzito wake. Jaza gilasi maji yenye kipande cha barafu hadi ukingoni, kisha subiri kiyeyuke: hayamwagiki.

Kwa mita 65, kisiwa chote cha Mombasa kingezama, na uwanja wa ndege wa Moi, ulio mita 61 juu ya bahari, ungefunikwa. Milima ya Shimba ingebaki kavu, na Voi vilevile. Janga hilo latosha kabisa. Chumvi waliyoitia ilikuwa ya nini?

Mkenya Wanuri Kahiu alikwenda njia nyingine, ya kutumia kipimo kidogo, katika Pumzi (2009), filamu fupi ya dakika ishirini na kitu. Baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na umeme unatokana na watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo unaootesha mbegu. Hakuna wimbi lolote la kutisha. Kuna chupa ya maji, na mtazamaji anahesabu kilichobaki. Kwa maoni yetu ndiyo njia iliyo bora, hasa kwa mtu anayenunua maji kwa jerikeni la lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni: kipimo hicho anakijua mkononi.

Na kuna hatari ya pwani ambayo inafaa sana njia hii. Chini ya ardhi, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Basi pampu zikishusha maji ya ardhini nusu mita tu, na yakabaki hapo, mpaka wa chumvi huelekea kupanda hadi mita 20. Kosa la kawaida ni kuchimba zaidi kisima kinapopungua, yaani kuifuata chumvi iliko. Kisima kifupi, kinachovutwa polepole na kupumzishwa, hudumu zaidi.

Filamu ya bahari ya namna hiyo isingehitaji wimbi. Ingeanzia jikoni, kwenye kikombe cha chai chenye ladha ambayo jana haikuwemo.