Ubora wa maisha kwa mtu mwenye uzito mkubwa: unapimwaje?

Ukifika kliniki unapandishwa mizani, unapimwa urefu, halafu unapewa BMI yako, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu. Ikifika 25, uzito umezidi. Ikifika 30, hicho ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Hesabu hiyo ina kazi yake, lakini haielezi kama unaweza kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono, wala kama bado unatoka kwenda kwa watu. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa ubora wa maisha unaohusiana na uzito, na ili kuyapima inabidi aulizwe mhusika mwenyewe.

Dodoso linalojulikana sana kwa kazi hii ni IWQOL-Lite, lililotolewa Marekani mwaka 2001 na Ronette Kolotkin na wenzake. Lina maswali 31 katika mafungu matano: uwezo wa mwili, kujithamini, tendo la ndoa, adha mbele za watu, na kazi. Unajibu kwa kuangalia wiki iliyopita, kuanzia "haikuwa kweli hata mara moja" mpaka "ilikuwa kweli muda wote". Kila fungu hupata alama kati ya 0 na 100, na 100 maana yake uzito haukusumbui.

Chukua wanawake wawili, kila mmoja ana kilo 95 na urefu wa sentimita 165. BMI yao ni ile ile, karibu 35. Mmoja ni karani mjini Mtwara, anashinda kwenye kiti. Mwenzake ana mikorosho Newala, na msimu ukifika anainama kutwa nzima, anaokota, ananyofoa korosho kwenye bibo, anabeba ndoo. Goti likimuuma karani, kazi inaendelea. La mkulima likiuma, korosho zinabaki chini na mvua inazikuta huko huko. Fungu la uwezo wa mwili na fungu la kazi ndiyo yanayoonyesha tofauti hiyo.

Ila maswali yenyewe yalitungwa kwa maisha ya kule. Fungu la adha mbele za watu linauliza kama unaenea kwenye viti vya umma na kama una wasiwasi kiti hakitakuhimili. Huku ungeuliza zaidi habari za bajaji, kama wenzako wawili wa siti ya nyuma wanaguna ukipanda. Bodaboda anayetaka nauli ya watu wawili. Choo cha kuchuchumaa. Msiba wa siku tatu mkekani. Kujithamini nako kuna lake. Mtu akitoka kijijini akanenepa, anaambiwa "mji umekukubali", na anafurahi kweli. Anaweza kupata alama za juu hapo huku uwezo wa mwili umeporomoka, kwa hiyo ukisoma jumla peke yake utakosea. Fungu la ndoa, kwa maoni yangu, mtu apewe karatasi ajaze mwenyewe. Mama mtu mzima hatamjibu kijana wa kiume maswali hayo, na wala hapaswi kulazimishwa.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio mkubwa. Mtu aliyeacha jambo halalamiki tena juu yake. Mama ambaye siku hizi anatuma rambirambi kwa simu badala ya kwenda msibani atajibu kwamba kukaa chini hakukumsumbua wiki iliyopita. Ni kweli, maana hakukaa. Muulizaji mzuri humuuliza pia ni kitu gani alikuwa akikifanya zamani na sasa hakifanyi, na kwa nini. Saa nyingine sababu ni goti. Saa nyingine ni maneno ya watu, na hapo dawa ya goti haitamrudisha.

Na hiyo "wiki iliyopita" inategemea umeuliza lini. Mkulima yule wa Newala ukimuuliza Machi utapata alama nzuri. Oktoba, korosho zinapodondoka, alama zitashuka hata kama hajaongezeka kilo moja. Kama unataka kujua matibabu au mazoezi yamemsaidia, mpime msimu kwa msimu, Oktoba hii na Oktoba ijayo.